Baada ya "Tunaomba": Mchangiaji, Mwenye Picha na Deni la Kuwarudishia Habari



Nimeombwa nizungumze nanyi, wenzangu wa mashirika ya Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, juu ya kuchangisha fedha kupitia mitandao. Nadhani wengi wenu mlitarajia nianze na namna ya kuandika ombi litakalomgusa mtu moyoni. Kuomba tunajua. Turkana imeombewa tangu nikiwa mtoto, na sisi tuliomo humu ndani tumeomba kwa ajili yake kwa barua, kwa redio na kwa simu. Ninalotaka tulitazame leo ni kinachotokea baada ya mtu wa Nakuru au Mombasa kubonyeza simu na kututumia shilingi mia mbili zake. Mara nyingi hakitokei kitu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2017, ukame ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa, nilimpiga picha mama mmoja kwenye mchanga wa mto Tarach. Mnajua jinsi akina mama wetu wanavyochimba mashimo mtoni maji yanapotoweka. Yeye alikuwa amezama hadi mabegani, anainua kikombe cha plastiki chenye maji ya rangi ya udongo, na bintiye juu ya shimo ananyoosha mkono kukipokea. Picha ilitoka vizuri sana. Shirika nililolifanyia kazi wakati huo liliiweka mtandaoni na michango ikaja. Mwaka uliofuata tukaiweka tena na maneno mengine. Na mwaka wa tatu vilevile.

Wakati huo wote maisha ya mama yule yalikuwa yanaendelea. Kisima cha pampu kilichimbwa karibu na kijiji chao, naye akaanza kuuza samaki wakavu waliotoka Kalokol. Siku moja mwanawe aliyekuwa sekondari akamwonyesha ile picha kwenye simu. Nilipopita kijijini akaniita, akanikalisha kivulini, akanipa chai, kisha akaniuliza kwa Kiturkana, kijana akitafsiri: "Mwanangu, nitatoka lini kwenye lile shimo?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwambia kwamba picha ingeonekana kwa watu maelfu. Sikuwa nimerudi kumwambia ilileta nini. Na wale waliotoa pesa zao kwa ajili yake, hakuna aliyewaambia kwamba ametoka shimoni na sasa anauza samaki. Habari njema kabisa tuliyokuwa nayo tuliifungia ofisini, tukaendelea kuwauzia watu kiu yake.

Sasa tupanue mtazamo, kutoka picha moja hadi michango ya nchi nzima. Tarehe 27 Julai 2011, picha za njaa kutoka Turkana zikiwa kwenye televisheni kila jioni, ilizinduliwa ile kampeni ya Kenyans for Kenya. Waliokuwa mbele ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, wakfu wa Safaricom, wakfu wa KCB na wamiliki wa vyombo vya habari. Lengo lilikuwa kupata shilingi milioni 500 katika wiki nne. Nambari ya Paybill ya kutuma pesa kwa simu ilikuwa 111111, rahisi hata kwa mtoto kuikariri. M-Pesa ilikuwa na miaka minne tu tangu ianze, na hapo ndipo Wakenya wengi walipoonja mara ya kwanza harambee isiyo na meza kuu, isiyo na mgeni wa heshima anayesomewa bahasha yake hadharani. Anayetoa shilingi kumi alipita njia ileile aliyopita anayetoa maelfu. Lengo lilifikiwa kabla ya wiki nne kwisha, likaongezwa, na mwishowe zikapita bilioni moja.

Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye chakula cha dharura, na sehemu ikatengwa kwa miradi ya kudumu. Kaikor, kaskazini mwa kaunti hii, kulichimbwa visima na kukawekwa vibanda vya kilimo (greenhouse). Habari hizi si siri. Ziliandikwa. Lakini ukimuuliza mwalimu wa Machakos aliyetuma mia tano mwaka ule kama aliwahi kusikia jina la Kaikor, kuna uwezekano mkubwa atatikisa kichwa. Ombi lilimfikia kwa redio, kwa gazeti, kwa televisheni na kwa simu, kwa Kiswahili kitamu. Majibu yalikuwa kwenye ripoti za Kiingereza.

Ikaja Machi 2019. Televisheni zikaonyesha tena wazee wa Turkana waliodhoofika kwa njaa. Viongozi wa serikali wakakana kwamba kuna watu waliokufa, na Wakenya wakawaka kwa hasira mitandaoni. Wengi walichanga tena, na Mungu awabariki. Lakini safari hii palikuwa na swali ambalo halikusikika mwaka 2011: zile za kwanza zilikwenda wapi? Wenzangu wengine walilichukulia kama tusi. Mimi naona lilikuwa swali la haki kabisa kutoka kwa mtu aliyetoa kwa imani. Mtu huyo hakuwa amechoka kutoa. Alikuwa amekaa miaka minane bila kuambiwa.

Na sisi wa hapa tungepaswa kulielewa swali hilo kuliko watu wengine wote wa Kenya. P. H. Gulliver, mtafiti Mwingereza aliyeishi kati ya Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika kwa urefu jinsi mwanamume wa Kiturkana anavyojijengea watu wake kwa mifugo: ndugu, wakwe na marafiki ambao hupeana wanyama na wana haki ya kuombana. Wazee mliokaa hapa mbele mnalijua hili bila kusoma kitabu. Mtu husafiri siku mbili kwenda kuomba mbuzi kwa rafiki yake. Huketi, hula, hutoa habari za kwao, ndipo aombe. Akipewa, aliyetoa anajua mnyama amekwenda boma gani, na wakikutana mwaka unaofuata ataulizia. Amezaa? Aliliwa na fisi? Alichinjwa kwenye harusi? Kuulizia namna hiyo ndiko kunakoweka urafiki hai, na kesho ni zamu ya yule mwingine kuomba. Mtu anayechukua mbuzi, asionekane mpaka siku anayotaka wa pili, wazee wanajua wanavyomwita.

Basi kwa nini tunapofika kwenye simu tunakuwa watu wa namna hiyo?

Sasa nizungumzie Kakuma, maana huko lugha yetu yenyewe imetumiwa vibaya. Nendeni mtandaoni mtakuta maandishi mengi ya Kiingereza, mengine ya kuchangisha fedha, yanayomweleza msomaji wa ng'ambo kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Mimi ninazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, nanyi vilevile. Neno hilo kwa maana hiyo halimo katika Kiswahili. Mtu mmoja aliandika, wa pili akanakili, wa kumi akaliweka kichwani mwa ombi lake kwa sababu linaumiza vizuri. Kakuma ulikuwa mji wa watu kabla kambi ya wakimbizi haijafunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Mwaka 2018 IFC, shirika la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti uliokadiria uchumi wa Kakuma, kambi na mji, kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Tangu Desemba 2008 wakimbizi wa hapo wamekuwa na gazeti lao wenyewe mtandaoni, KANERE, wanaloliandika kwa mikono yao. Kuna Wasomali wanaozungusha pesa zao za ayuuto, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, kuna Wakongo na Warundi wanaochangiana mazishi, kuna makanisa na misikiti inayotembeza kapu kila wiki. Hawa ni watu wanaotoa. Ukimwambia mfadhili kwamba wanaishi pasipo popote, umemdanganya mfadhili na umemvunjia heshima mwenye mahali pake.

Najua hoja itakayonijibu, kwa sababu nimewahi kuitoa mimi mwenyewe: picha ya huzuni ndiyo inayoleta pesa, ukiweka mama anayecheka dukani hakuna atakayetuma. Kwa siku ya kwanza hoja hiyo ina ukweli, na njaa ikiwepo lazima isemwe kwa jina lake. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada na mgao wa chakula Kakuma ukashuka chini ya nusu ya kinachohitajika, watu waliingia barabarani kulalamika, na ingekuwa uongo kuweka picha za vicheko wiki hiyo. Ninachokataa ni kumwacha mtu ndani ya picha ya siku yake mbaya kuliko zote, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu inatulipa. Na shirika dogo haliishi kwa mchango wa siku ya kwanza. Linaishi kwa watu mia mbili au mia tatu wanaotuma kidogo kila mwezi, na hao hawabaki kwa huruma peke yake.

Tufanyeje, kwa vifaa tulivyonavyo? Mchangiaji akituma pesa, simu yake inalia: tarehe, kiasi, salio. Ule ni ujumbe wa M-Pesa. Wetu uko wapi? Tazameni kundi lolote la WhatsApp la mazishi au la karo. Mweka hazina huweka orodha, na kila anayetuma jina lake huongezwa na alama ya vema pembeni. Jioni anaandika jumla. Siku ya tatu anaweka picha ya risiti ya jeneza. Hakuna aliyemfundisha mawasiliano, lakini watu humwamini kwa sababu hawalali bila kujua hesabu imefika wapi. Sisi wenye ofisi na magari tunaweka hesabu mara moja kwa mwaka, katika faili zito ambalo mtu wa bando la shilingi ishirini hawezi hata kulifungua.

Jambo moja la kazi ambalo wengi hawalitumii: Paybill ina nafasi ya nambari ya akaunti, na unaweza kumwambia mchangiaji aandike humo neno lolote ulilochagua. Ombi la kisima liwe na neno KISIMA, la vitabu VITABU. Mwisho wa mwezi taarifa yako yenyewe itakwambia ombi lipi lilileta nini, nawe utaweza kuwajibu watu wa kisima habari za kisima. Jibu liwe fupi, kwa Kiswahili, na picha moja iliyopunguzwa ukubwa. Video ya dakika nne waachieni wenye intaneti ya bure ofisini. Na msisahau redio. Radio Akicha hapa Lodwar na Ata Nayeche kule Kakuma zinasikika kwa watu wasioingia mtandaoni kamwe, na hao ndio wenye kisima. Nao wanapaswa kusikia ni kiasi gani kilichangwa kwa jina lao.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Mwaka 2015 mkimbizi wa Kakuma alianza kupokea kwa simu Bamba Chakula, sehemu ya mgao wake iliyotolewa kama pesa za kununulia chakula. Alijua kwa shilingi kamili alichopewa. Mtu huyohuyo tukimpiga picha na kuichangishia laki tatu, hapati hata neno moja kutoka kwetu.

Upande wa sheria sitakawia, wakili atakuja baada ya chakula. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iliyo wazi, ya mhusika aliyeelewa anachokubali, kwa matumizi aliyoelezwa. Anaweza kuiondoa siku yoyote, na mtoto husemewa na mzazi au mlezi wake. Kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, mama akiwa kwenye foleni ya unga, mimi siiti idhini. Anayepanga foleni hawezi kukataa. Mwombeni siku ambayo hamgawi kitu.

Yule mama wa Tarach nilirudi kwake. Niliiondoa picha kila mahali nilipoweza, nikamwambia pia palipobaki nje ya uwezo wangu, kwa sababu picha ikishanakiliwa huwezi kuikusanya yote. Nilimwomba ruhusa ya kupiga nyingine. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka amevaa shanga zake zote, akapanga samaki mezani kwa ukubwa, akamwita binti yake aliyekuwa juu ya shimo, sasa mrefu kumpita. Baada ya kupiga nilimwonyesha. Akataka nirudie, kwa sababu mzani wake haukuonekana. Tulipowatumia wachangiaji wa zamani picha hiyo na maneno matatu manne ya kueleza maji yalivyofika, walianza kujibu. Wengi hawakuandika juu ya pesa. Waliulizia bei ya samaki.

Sasa naomba jambo moja kabla ya chai. Kila mmoja afungue simu yake, atafute picha ya mwisho ya mtu ambayo shirika lake limeiweka mtandaoni. Chukueni karatasi mliyopewa. Andikeni mtu huyo anaitwa nani, na mara ya mwisho mlipoonana naye ilikuwa lini. Karatasi zibaki kwenu, sitazikusanya. Tukirudi tutaanzia hapo.