Baiskeli za Jioni: Maneno ya Katibu Mkutanoni

Ndugu wanachama,

Wenzetu wa ghala la korosho wameanza jambo zuri. Kazi ikiisha saa kumi wanapanda baiskeli pamoja, wanashika njia ya Mzenga mpaka stesheni ya TAZARA, halafu wanarudi. Si mashindano, wala hakuna kiingilio.

Huku Kisarawe na Kibaha baiskeli tumeizoea kwa gunia la mkaa tu. Jirani na jirani wanaonana kwenye mizani, tena kwa ugomvi. Njiani watu wanaongea, ugomvi unapoa.

Kinamama nanyi njooni. Asiye na baiskeli aseme, tutapokezana.

Ila Barabara ya Morogoro tusiiguse, malori hayana huruma. Kagueni breki, shikeni kushoto, magharibi isiwakute njiani.

Katibu