Shimo Halijazwi kwa Manung'uniko
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa watu wa kartie, Lubumbashi, mwisho wa mvua



Hatukuja leo kuwafundisha kwamba barabara zetu zimeharibika. Miguu yenu inajua, na migongo ya wenye baisikeli inajua zaidi. Tumekuja kusema neno moja tu: shimo ambalo hatukuliandika, hakuna mkubwa atakayeulizwa juu yake.

Mnamkumbuka mama yetu mwuza unga. Mwezi wa Januari maji ya mvua yalifunika mfereji wa kando ya barabara, pale wanapopita watu wa miguu. Kifuniko cha mfereji kilikuwa kimevunjika tangu siku nyingi. Mama alikuwa na beseni kichwani. Motokari ilitoka upande wake ili kukwepa shimo, naye akasogea kando kukwepa motokari, akatumbukia. Mkono ukavunjika. Kwa miezi miwili hakuuza kitu, na watoto wake wawili wa sekondari walirudishwa nyumbani kwa ajili ya feza. Basi mtu asiseme shimo ni jambo dogo. Tundu lenye upana wa beseni lilikula unga, likala mkono, likala masomo ya watoto.

Na sisi? Sisi wote tulijua kifuniko kile kimevunjika. Tulikiruka kila asubuhi. Kila mmoja alisema, "Serkali itaona." Tunawauliza: serkali ina macho gani katika avenyu yetu kama siyo macho yetu?

Wandugu, jambo hili si geni katika mji huu. Ulipoitwa Elisabethville, mji wa Wazungu ulikuwa upande mmoja, na cité ya Waafrika upande mwingine, na kati yao nafasi tupu iliyoachwa makusudi. Mnamo Desemba 1957 wazee wetu walipiga kura kwa mara ya kwanza, na kura ile ilikuwa ya washauri wa komini. Haikuwa ya bunge, wala ya raisi. Ilikuwa ya mambo ya komini: barabara, maji machafu, soko. Wao walijua kwamba mtu huanza kuitawala inchi yake mlangoni pake. Na tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa tena hapa mjini. Ikiwa tuliwachagua, tuwape kazi.

Wengine wanasema, "Tutaomba kwa haki gani? Sisi ni maskini, hatulipi kitu." Si kweli. Sheria ya mwaka 2008 iliunda sanduku la kutengeneza barabara, FONER. Feza yake inatoka katika esanse inayouzwa, na katika malipo ya kupita barabara kubwa. Mwenye taksi analipa anaponunua esanse, kisha anaiweka katika bei ya safari yako. Mama aliyepakia mifuko miwili ya makala amelipa. Kijana wa pikipiki amelipa. Kwa hiyo hatuendi kuomba sadaka. Tunauliza habari ya feza yetu.

Na tujue mlango wa kubisha. Barabara za mji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, ile tunayoiita OVD. Barabara kubwa zinazounganisha miji ni za Office des Routes. Avenyu ndogo za kartie tunazipeleka kwanza kwa komini. Kama hatujui ni ya nani, tupeleke barua moja kwa wote, na juu yake tuandike kwamba wote wamepewa.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa mbaya, lazima tukiri. Tuliandika, "Barabara zetu zinatutesa sana." Nani angeweza kuijibu? Ya pili tuliifanya kwa akili. Vijana walitembea avenyu nzima na kamba na fimbo. Waliandika: shimo la kwanza, mbele ya parsele namba fulani, hatua tatu kwa mbili, maji yanafika magotini mwa mtoto. Vifuniko viwili havipo, vimevunjika siku fulani, mtu mmoja ameumia. Chini tukaweka majina na saini 41. Tulitoa kopi, na mwandishi wa ofisi akaipiga muhuri na tarehe. Kopi ile tunaitunza kama cheti cha ndoa.

Mzee mmoja alikataa kutia saini. Alisema, "Anayeandika jina ndiye atakayeitwa." Hatumcheki. Woga wake una historia katika inchi hii. Lakini tulimsomea Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 27. Kinasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa wa serkali, peke yake au pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kinasema tena kwamba mtu asishitakiwe kwa sababu ya kufanya hivyo. Mzee alinyamaza, akaomba kalamu. Saini ya 41 ni yake.

Matokeo ni gani? Hatutawadanganya. Mafundi walikuja wakaweka vifuniko viwili. Mashimo matatu bado yapo. Ndiyo sababu tumewaita leo.

Lakini na sisi tujihukumu. Shimo huzaliwa na maji. Maji yanaingia katika ufa mdogo wa lami, yanalegeza udongo wa chini, kisha gurudumu linavunja juu kama ganda la yai. Na maji yanakaa barabarani kwa sababu mfereji umejaa takataka zetu, chupa na mifuko ya plastiki. Tena, matofali tunayotupa ndani ya shimo hayalitibu: magari yanayasukuma, na mvua ya kwanza inachukua udongo wote. Barua ya mtu anayeziba mfereji wake mwenyewe haina nguvu.

Sasa mvua zinakwisha. Kazi ya lami hufanywa wakati wa ukavu. Hesabuni wenyewe: barua ikipokelewa mwanzo wa Mei, jibu linapaswa kutoka mwanzo wa Agosti, na mvua kwetu hurudi kama Oktoba. Tukingojea mpaka Septemba, jibu na mvua vitafika pamoja, na mama mwingine ataanguka.

Jumamosi saa moja asubuhi, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe kusafisha mifereji. Saa nne tutapima mashimo. Saa sita karatasi itakuwa mezani, nanyi mtatia saini. Mama mwuza unga amesema atatia ya kwanza, na mkono ule ule uliovunjika.