Nchi Iliyo Chini ya Mito Yake



Jioni hii nataka kuwaeleza habari za nchi moja tambarare iliyoko upande wa mashariki wa Uingereza, iitwayo Fens, maana yake vinamasi. Eneo lake lapata maili za mraba 1,500, katika majimbo ya Cambridgeshire, Lincolnshire na Norfolk. Hapo kale ilikuwa nchi ya maji na matete. Siku hizi ni nchi ya ngano, viazi, karoti na vitunguu, na karibu nusu ya ardhi ya kilimo iliyo bora kabisa katika Uingereza imo humo. Walakini ardhi hiyo yashuka mwaka kwa mwaka. Jinsi ishukavyo, na sababu yake, ndiyo maneno yangu ya leo.

Apitaye nchi hiyo kwa gari la moshi huona uwanda mtupu, akasinzia. Afadhali kwenda kwa baiskeli barabarani, na kwa miguu juu ya matuta ya mito. Basi natutoke mji wa Cambridge. Mji wa Ely uko kaskazini, yapata maili 15, lakini sisi tutazunguka kwa upande wa mashariki ili tupite kijiji cha Wicken.

Mwenye baiskeli hukuta mambo mawili upesi. La kwanza, hapana kilima; upepo ndio mlima wa nchi ile. Ukiwa nyuma yako, baiskeli yakwenda kama jahazi lenye tanga; ukikukabili, utakanyaga kwa nguvu zako zote na usiende mbali. La pili, barabara imenyoka kama uzi, lakini haikulala sawasawa. Yapanda na kushuka kama mawimbi madogo, kwa kuwa udongo ulio chini yake haukushuka kwa kipimo kimoja. Nyumba nazo waziona zimeinama upande, na nyingine zimeongezwa vidato mlangoni, kwa sababu ardhi imeondoka chini ya kizingiti.

Mbele kidogo, mwisho wa shamba, waona tuta refu kama ukuta. Laza baiskeli yako majanini, upande kwa miguu. Ukifika juu utastaajabu, maana juu ya tuta ndiko uliko mto! Maji yapita polepole baina ya matuta mawili, nawe ukigeuka kutazama shamba ulikotoka, waona kuwa liko chini kuliko maji. Baiskeli yako imelala chini kuliko samaki.

Huko Wicken kimebaki kinamasi cha kale, chenye matete na nyasi ndefu na ndege wengi. Chama cha kuhifadhi mahali pa thamani katika Uingereza, kiitwacho National Trust, kilinunua sehemu yake ya kwanza, eka mbili tu, mwaka 1899. Mtu angedhani kuwa kinamasi kiko bondeni na mashamba yako juu. Sivyo. Kinamasi kiko juu kuliko mashamba yanayokizunguka. Tena kiko kinu cha upepo kilichojengwa mwaka 1912 kwa kazi ya kutoa maji shambani. Mwaka 1956 kilihamishwa, kikapewa kazi ya kupandisha maji kuyaingiza kinamasini. Kitendawili hicho tutakitegua baadaye.

Sasa twafika Ely. Mji huu umejengwa juu ya kilima kidogo, nacho hapo kale kilikuwa kisiwa katikati ya maji. Mtawa Bede, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 731, aliandika kwamba jina la Ely limetokana na wingi wa mikunga iliyovuliwa hapo. Kanisa kuu la Ely lilianza kujengwa mwaka 1083. Mnara wake wa katikati ulianguka mwaka 1322, na mahali pake pakajengwa mnara mwingine wa pembe nane, wenye magogo makubwa ya mwaloni. Mwenda kwa miguu auona kutoka mbali sana, kama baharia aonavyo taa ya bandari.

Watu wa kale wa nchi hii waliishi kwa uvuvi, kwa kuwinda ndege, na kwa kukata matete ya kuezekea. Walichimba udongo mweusi wa kinamasi kama matofali, wakaukausha, wakauchoma badala ya kuni. Wengine walitembea juu ya miti mirefu waliyoifunga miguuni, wapate kuvuka maji. Walisumbuliwa na homa ya kutetemeka, ijayo na kwenda. Wataalamu waona kuwa ilikuwa malaria. Msidhani basi kuwa homa hiyo ilikuwa mgeni Ulaya.

Tupande tena baiskeli, tuelekee kaskazini mpaka Welney na Denver. Hapo twaikuta mito miwili iliyonyoka, inayokwenda sambamba yapata maili 20. Haikuumbwa hivyo, ilichimbwa na watu. Karibu na mwaka 1630 tajiri mmoja mwenye cheo cha Earl wa Bedford, pamoja na wenziwe 13, walitoa fedha ili vinamasi vikaushwe, nao waliahidiwa eka 95,000 kuwa malipo yao. Fundi wao alikuwa Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Mto wa kwanza ulimalizika mwaka 1637, wa pili mwaka 1651. Katika kazi ya mto wa pili walitumiwa mateka wa vita, Waskoti. Ardhi iliyo baina ya mito hiyo miwili iliachwa wazi, ili maji ya mafuriko yapate mahali pa kulala wakati wa baridi. Hata leo ndivyo ifanyavyo kazi, na bata maji weupe kwa maelfu huja hapo kukaa miezi ya baridi, wengine kutoka Iceland, wengine kutoka kaskazini mwa Urusi.

Wenyeji wengi hawakufurahi. Mahali walipovua na kukata matete kwa haki ya wazee wao palikuwa mali ya watu wengine. Wakabomoa matuta usiku, wakafukia mifereji. Lakini kazi iliendelea, na mavuno yakawa makubwa.

Ndipo jambo lisilotazamiwa likatokea. Udongo ule mweusi si udongo kamili. Ni majani, mizizi na miti iliyolala majini kwa maelfu ya miaka pasipo kuoza. Maji ndiyo yaliyoulinda. Maji yalipotolewa, udongo ulisinyaa kama sifongo iliyokauka. Kisha hewa ikaingia ndani yake, ukaanza kuoza na kugeuka hewa. Uliobaki juu ukapeperushwa na upepo wakati wa kiangazi. Ardhi ikashuka, lakini mito iliyochukua maji baharini haikushuka nayo. Maji ya shambani hayakuweza tena kutiririka yenyewe mpaka mtoni. Ikabidi yapandishwe kwa vinu vya upepo, halafu kwa mashine za mvuke, kama ile ya Stretham iliyojengwa mwaka 1831, halafu kwa mashine za mafuta, na sasa kwa umeme. Kila pampu mpya ilitoa maji zaidi, ardhi ikakauka zaidi, ikashuka zaidi, ikahitaji pampu yenye nguvu kuliko ile ya kwanza.

Na hivyo ndivyo kitendawili cha Wicken kiteguliwavyo. Kinamasi hakikupanda; mashamba ndiyo yaliyoshuka.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Holme, upande wa magharibi, karibu na mji wa Peterborough. Hapo palikuwa na ziwa kubwa liitwalo Whittlesey Mere, lililokaushwa mwaka 1851 kwa pampu ya namna mpya. Mwaka huo huo nguzo ya chuma ilisimamishwa ndani ya udongo mweusi, ikakazwa juu ya udongo mgumu wa mfinyanzi ulio chini, na ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo ile ile, ambayo haikusogea, imesimama nje yapata futi 13. Mtu mrefu akisimama kando yake hafikii ncha. Mahali hapo ni chini ya usawa wa bahari kwa futi 9, na katika kisiwa chote cha Uingereza hapana ardhi iliyo chini kuliko hiyo.

Hatari yake yajulikana. Mwezi wa Machi 1947, theluji nyingi ilipoyeyuka na upepo mkali ulipovuma, matuta yalipasuka na mashamba mengi yakawa ziwa tena. Basi wenyeji wa leo wana shauri gumu. Ardhi hii yalisha watu wengi, na haiwezi kuachwa. Wala haiwezi kukaushwa daima, maana mahali pengine udongo mweusi umekwisha na jembe lagusa mfinyanzi. Mwaka 1999, walinzi wa Wicken walitangaza mpango wa miaka 100 wa kurudisha maji katika sehemu ya mashamba, kidogo kidogo.

Jambo hili si la Uingereza peke yake. Kaskazini mwa Rwanda kiko kinamasi cha Rugezi, ambacho maji yake huingia ziwa Burera, na kutoka huko huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mitaro wakalima humo, na ukame nao ukaja. Hata kufika mwaka 2004 ziwa lilikuwa limeshuka na umeme umepungua sana. Serikali ikakataza kilimo kinamasini, na maji yakarudi.

Sisemi kwamba bonde lisilimwe. Nasema litazamwe kwanza. Kabla ya kuchimba mtaro, chukua bonge la udongo wake, ulikaushe juani, ulitie motoni. Likiwaka kama kuni, jua ya kuwa huo ni udongo ulindwao na maji, nao ukikaushwa sana utakwisha. Nanyi wanafunzi, kama karibu na shule yenu liko bonde la namna hiyo linalolimwa, ombeni ruhusa, mkapige nguzo ndefu mpaka ifike kwenye udongo mgumu, mkaitie alama palipo uso wa ardhi, mkaandike tarehe daftarini. Kila mwaka, siku hiyo hiyo, mkapime. Hamtangoja miaka mingi kabla ya kujua kama shamba lenu lakaa mahali pake au lashuka.