Zaburi za Kilio na Wimbo wa Kuitikiana



Zaburi tulizo nazo ni 150, na nyingi katika hizo ni kilio. Walakini tuimbapo vigangoni mwetu, toka Iringa hata Mbeya, twapenda kuchagua zile za shangwe. Mwaka ukiwa mwema, kasoro haionekani. Huonekana penye msiba.

Tulikuwa katika maziko ya mtoto mdogo. Waimbaji walikuwa wamejifunza nyimbo za furaha, wakaziimba zote, na vizuri. Mama wa mtoto hakufungua kinywa. Jioni, uani, bibi mmoja akaanza kulia kwa wimbo wa lugha ya nyumbani, wanawake wakamwitikia. Ndipo mama naye akaitikia. Sisi makatekista tulisimama kando na vitabu mikononi, tukaona haya.

Je, Zaburi hazikuwa na neno la kumpa mama yule? Iko ya 88 (vitabu vya zamani vya Kilatini huihesabu kuwa ya 87), nayo huishia gizani pasipo faraja, wala Kanisa halikuiondoa. Iko ya 13, imwulizayo Mungu mara nne atakawia mpaka lini. Neno tulikuwa nalo. Tulikosa namna ya kuliimba.

Na namna hiyo imo katika Zaburi zenyewe. Ile ya 136 ina mistari 26, na kila mstari una kiitikio kile kile: mmoja huanza, wote huitikia, kama tufanyavyo matangani. Huko Rungwe, walikofika Wamoravian mwaka 1891, mmisionari wao Franz Rietzsch alichunguza uimbaji wa wenyeji katika miaka ya 1930, akataka nyimbo za ibada ziufuate. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulinena mwaka 1963 kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Basi tukajaribu. Maneno ya Zaburi hatukuyageuza, maana si mali yetu. Tulitafuta kiitikio kifupi, kwa sauti ya wazee, ambacho hata asiyejua kusoma aweza kukishika mara moja. Kinanda tukakinyamazisha. Mara ya kwanza tulipotea katikati, watoto wakacheka. Mara ya pili, penye msiba mwingine, wanawake waliokaa nyuma ndio walioushika wimbo, wala waimbaji hawakuhitajiwa.

Wako wanaoogopa kwamba sauti hizo zitarudisha mambo ya kale. Hofu yao si ya kudharauliwa: sauti nyingine zimefungamana na matambiko, nasi tuliziacha baada ya kuwauliza wazijuao. Kwa hiyo, walimu, waulizeni kwanza bibi zenu. Na kigango chochote kikituita, tutakuja na kiitikio chetu, mtusahihishe.