MZIGO NA NYUMA YA GUTA
Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matano: chesisi, springi, ekseli, propela, difu. Yasomeni kwa sauti, neno moja moja. Mkiisha kuyasoma, kaeni tayari na daftari, maana leo tuna hesabu pia.

Somo letu linahusu guta, yaani ile pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu, ambayo wengine huiita toyo. Hapa Tabora mnaiona kila siku. Huleta mpunga sokoni, hubeba madumu ya asali, matofali na mabati. Wengi wamenunua guta kwa fedha za mavuno, au kwa mkopo wa chama cha akiba. Na wengi, baada ya muda mfupi, huipeleka kwa fundi wa kuchomelea na kumwambia: "Fundi, niongezee nguvu huko nyuma." Basi leo tujiulize swali moja: je, nguvu hiyo huongezeka kweli?

NYUMA YA GUTA INAVYOFANYA KAZI

Katika bodaboda ya magurudumu mawili, gurudumu la nyuma huvutwa na cheni. Guta nyingi hazitumii cheni. Injini huzungusha chuma kirefu cha mviringo kilicho chini ya bodi. Hicho ndicho propela. Propela huzungusha gia zilizomo ndani ya difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Difu hufanya kazi mbili. Kwanza, hugeuza mzunguko wa propela uende kushoto na kulia, kwenye magurudumu. Pili, huliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani guta inapokata kona, kwa sababu la nje lina njia ndefu zaidi.

Sasa tazameni mzigo unavyopita. Gunia hukaa juu ya bodi. Bodi hukaa juu ya chesisi. Chesisi hukaa juu ya springi, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hukaa juu ya ekseli, ekseli juu ya beringi na magurudumu, na magurudumu juu ya ardhi. Mzigo hupita kwa wote hao, mmoja baada ya mwingine.

MSAFARA NA MPAGAZI

Mji wetu ulikua kwa sababu ya misafara. Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mizigo mingi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa mabegani na vichwani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana njia nzima. Mzigo wao wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni karibu kilo 16. Basi frasila mbili ni karibu kilo 32. Tena juu ya mzigo wa tajiri, mpagazi alibeba mkeka wake, chungu na chakula. Mpagazi hodari aliupima mzigo kabla ya kuondoka, kwa sababu alijua kwamba bega likiwa imara na goti likashindwa, mzigo haufiki.

Guta nayo ina mabega na magoti. Springi ni bega. Difu, beringi na breki ni magoti.

MABADILIKO MATATU

La kwanza ni kuongeza vyuma vya springi. Mwenye guta huona bodi imeinama, akaongeza vyuma viwili kila upande. Bodi haiinami tena, naye hufurahi. Lakini uzito haukupungua hata kilo moja. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile. Kilichoondoka ni dalili tu. Zamani bodi ikiinama ilimwambia, "Umezidisha." Sasa imenyamaza, naye anaongeza gunia jingine. Tena springi ngumu mno hugonga sana kwenye makorongo guta ikiwa tupu, na chesisi huanza kupata nyufa.

La pili ni kurefusha bodi kuelekea nyuma, ili magunia zaidi yapate nafasi. Hapa ndipo penye hesabu. Andikeni. Kutoka ekseli ya nyuma hadi gurudumu la mbele, tuseme ni sentimita 200. Gunia la kilo 100 limewekwa sentimita 50 nyuma ya ekseli.

100 mara 50 ni 5,000.
5,000 kugawanya kwa 200 ni 25.

Maana yake, gunia hilo linainua gurudumu la mbele kwa kilo 25, na ekseli inabeba kilo 125 badala ya 100. Weka magunia matatu mahali hapo. Gurudumu la mbele linapoteza kilo 75, na ekseli inabeba kilo 375. Ukipanda kilima, usukani unakuwa mwepesi kama wa kuchezea. Unakata kulia, guta inakwenda mbele tu. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

La tatu ni kusogeza ekseli nyuma na kurefusha propela kwa kuichomelea kipande. Propela huzunguka kwa kasi sana. Kipande kikikaa upande hata kidogo, hutetemeka, na mtetemo huo hula beringi na viungo vyake. Kiungo kikikatika njiani, propela huanguka na kupigapiga chini ya bodi. Hata kuinua bodi tu kunaweza kuharibu mlalo wa propela, ikawa inafanya kazi imepinda kupita kiasi. Kazi hiyo si ya kukisia kwa macho.

HESABU YA PILI

Tuseme kibao cha kiwandani kinasema guta ibebe kilo 500. Mwenyewe ameongeza vyuma, mbao na nondo zenye uzito wa kilo 60. Je, amebakiwa na kilo ngapi za mzigo?

500 kutoa 60 ni 440.

Zamani alibeba magunia matano ya kilo 100. Sasa ni manne tu. Amelipa fundi ili apunguziwe gunia moja! Huo ndio mkeka na chungu cha mpagazi: nao una uzito.

TUFANYE NINI?

Yako mambo ya kufanya yenye faida. Soma kibao cha kiwandani. Wewe sasa unajua kusoma. Panga mizigo mizito mbele ya ekseli, na myepesi nyuma. Springi ikivunjika, badilisha kwa ya kipimo kile kile, na pande zote mbili zilingane. Kaza boliti zinazoshika springi kwenye ekseli. Tazama mafuta ya difu. Yakivuja, tengeneza mapema. Tia grisi kwenye viungo vya propela, hasa baada ya kupita kwenye maji na matope. Ukisikia mlio mpya nyuma, simama. Magunia yakizidi, nenda safari mbili.

Utasema, safari mbili ni petroli mara mbili. Ni kweli. Lakini difu ikivunjika kwenye njia ya mchanga, utalipa difu, utalipa guta nyingine ibebe mzigo wako, na siku ya marejesho ya mkopo haitakungoja. Na breki zikishindwa penye watoto wa shule, hakuna fedha itakayolipa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bodi isiyoinama si lazima iwe na nguvu zaidi?
2. Gunia la kilo 80 limewekwa sentimita 50 nyuma ya ekseli. Urefu hadi gurudumu la mbele ni sentimita 200. Gurudumu la mbele linapoteza kilo ngapi?
3. Nani darasani ana guta? Kesho asome kibao chake, auandike uzito kwenye daftari, awasomee wenzake.