Hotuba Juu ya Kuuguza Nyayo za Kuku



Aghalabu kuku hathaminiwi mpaka siku anapotakiwa: mgeni ajapo, au daftari la mtoto liishapo. Walakini kuku achechemeaye hatafuti chakula wala hatagi vema, na mwisho wake huuzwa kwa hasara. Neno langu leo ni hili: tazama unyayo kwanza, ndipo utafute dawa, kwa kuwa kuchechemea ni kumoja, bali sababu zake ni nyingi.

Kwanza, jipu la unyayo. Kuku wetu hushinda migombani na mibunini, penye miiba na visiki vikali, na usiku hukanyaga kinyesi kibichi. Mchubuko mdogo huingiwa na vijidudu, aghalabu wale waitwao stafilokokasi. Unyayo huvimba, hupata moto, na katikati hutokea gaga jeusi. Mtenge kuku huyo penye nyasi kavu. Loweka mguu katika maji vuguvugu yenye chumvi kidogo kwa dakika 10 hadi 15, ukaushe, upake iodini, uufunge kwa kitambaa safi, na kukibadili kila siku. Usipasue kwa wembe, kwani usaha wa kuku ni mgumu mithili ya ugali uliopoa, wala hautoki kwa kukamuliwa. Uvimbe usipopungua kwa siku chache, au ukipanda mguuni, mwite afisa mifugo.

Pili, utitiri wa miguu. Hawa huchimba chini ya magamba, hata mguu ukawa kama gome la mti. Osha mguu kwa maji vuguvugu na sabuni, sugua polepole, kisha upake vaselini au mafuta ya kupikia. Rudia kila baada ya siku chache kwa majuma kadhaa, ukiwatibu kuku wote pamoja. Usibandue magamba, wala usipake mafuta ya taa, maana huunguza ngozi.

Tatu, kuku wengi wakilegea miguu kwa mara moja, shingo zikipinda nao wakihara kijani, usihangaike na nyayo: huenda ni kideri. Ugonjwa huo hauna dawa, na waweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Usiwauze wala kuwahamisha. Mpashe habari afisa mifugo upesi. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila miezi 3 kwa kuku wazima.

Tena, kumponya kuku na kuliacha banda chafu ni kazi bure. Zoa kinyesi, badili nyasi zilizolowa, na mti wa kulalia uwe laini, usizidi kimo cha goti. Nanyi mnaweni kwa sabuni kila mmalizapo kumwuguza, kwani vijidudu vya jipu vyaweza kuingia hata katika kidonda cha mtu.

Basi kila mmoja awakamate kuku wake jioni ya leo, atazame nyayo zao.