Visima vya Cochabamba

Katika Mwanzo 26 twasoma kwamba watumishi wa Isaka walichimba kisima, na wachungaji wa Gerari wakaja kudai kuwa maji ni yao. Waliochimba ni wengine, waliodai ni wengine.

Jambo kama hilo lilitokea Cochabamba, mji wa Bolivia. Mwaka 1999 serikali iliikabidhi kampuni ya Aguas del Tunari maji ya mji huo kwa miaka 40. Januari 2000 bei ilipanda ghafula. Lakini lililowachoma watu zaidi, twadhani, ni habari za visima. Katika mitaa ya pembeni watu walikuwa wamejichimbia visima na kulaza mabomba kwa michango yao wenyewe (nasi twaijua harambee), na sasa sheria mpya iliwatia hofu kwamba hata hivyo vitachukuliwa.

Wakulima na wafanyakazi wa viwanda wakafunga barabara pamoja. Mwezi wa Aprili kijana wa miaka 17 alipigwa risasi akafa. Ndipo serikali ikauvunja mkataba.

Je, kiu iliisha? La. Miaka mingi baadaye mitaa ya kusini ilikuwa ingali ikinunua maji ya malori. Isaka naye aligombewa kisima cha kwanza na cha pili, hata akachimba cha tatu.

Nasi tulio na mfereji uani, jirani akija na mtungi wake, twamtoza kiasi gani?